Mtoto Huanza Kusema kwa Mikono

Mtoto wa miezi tisa au kumi, katika nyumba yoyote ya kwetu, tayari ana ishara zake. Akiambiwa "mpungie shangazi" anapunga mkono. Akisikia "makofi, makofi" anapiga. Baba akirudi kazini ananyoosha mikono yote miwili juu, na hakuna mtu mzima asiyejua kwamba anataka kubebwa. Mgeni akiingia anaambiwa atoe mkono amwamkie babu, naye anautoa, ingawa shikamoo yenyewe ataitamka muda mrefu baadaye. Hakuna aliyesomea mambo haya. Tunayafanya kwa kuwa nasi tulifanyiwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo mama anayeuliza kama ni vizuri kumfundisha mtoto mchanga ishara, jambo aliloliona kwenye simu likifanywa na wazazi wa Marekani au Uingereza, mimi humjibu kwamba ameshaanza. Kilichobaki ni kuongeza chache zenye manufaa kwa mtoto mwenyewe: nina kiu, niongezee, nimeshiba, hapa panauma. Ni kazi ya mikono mitupu. Haihitaji kadi za kununua wala darasa la kulipia, ila inahitaji mzazi ajue inachofanya na isichofanya, kwa maana uongo uliotundikwa juu yake ni mwingi.

Kufikia miezi minane au tisa mtoto anaelewa zaidi ya tunavyodhani. Ukitaja maji anatazama kikombe. Ukisema "twende nje" anageukia mlango. Lakini neno lake la kwanza la kueleweka huja karibu na kutimiza mwaka, na kuunganisha maneno mawili, "mama njoo", "maji basi", husubiri mpaka mwaka na nusu au hata miwili. Kutamka ni kazi ngumu ya mwili. Ulimi, midomo, koo na pumzi lazima viende pamoja kwa mpango. Mkono hauna masharti hayo yote: mtoto anauona mwenyewe, wewe unauona, na hata akikosea kidogo bado unamwelewa. Kilio kingi cha umri huu hutokea humo, baina ya kuelewa na kusema. Anajua anachotaka, na anajua kwamba wewe hujajua.

Waliolifanya jambo hili lijulikane ni wanasaikolojia wawili wa Marekani, Linda Acredolo wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis na mwenzake Susan Goodwyn. Katika miaka ya 1980 waligundua kwamba watoto wanaosikia vizuri hujitungia ishara bila kufundishwa. Mtoto anavuta hewa puani kumaanisha ua, kwa sababu kila alipoonyeshwa ua aliona watu wakilinusa. Wakajiuliza itakuwaje wazazi wakifundisha ishara za namna hiyo kwa makusudi. Kitabu chao, Baby Signs, kilitoka mwaka 1996, na mwaka 2000 walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 103 tangu wakiwa na miezi 11. Waliofundishwa ishara walitangulia kidogo katika baadhi ya vipimo vya lugha walipofika miaka miwili. Walipokaribia mitatu, wenzao walikuwa wamewafikia.

Baadaye yakaja madai makubwa zaidi, kwamba watoto hao wakifika umri wa shule huwa na akili kuliko wengine. Madai hayo yalitolewa kwenye mkutano wa wataalamu na ndiyo yanayouza kadi na video mpaka leo, lakini hayakupita kwenye ukaguzi wa jarida la kitaaluma. Mzazi ayaache.

Utafiti ninaouamini zaidi ni wa Elizabeth Kirk na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013. Waliwafuatilia kina mama 40 na watoto wao tangu miezi 8 hadi 20. Baadhi ya kina mama walifundishwa kutumia ishara na wengine hawakufundishwa. Kwa upande wa lugha, watoto hawakupishana: waliofundishwa ishara hawakuwahi kusema mapema, wala hawakuchelewa. Tofauti ilionekana kwa kina mama. Waliotumia ishara walikuwa wepesi zaidi kuona na kuitikia vile vidokezo vidogo ambavyo si maneno, na waliwaachia watoto wao nafasi zaidi ya kufanya jambo wenyewe.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Ukitaka mtoto aongee mapema kuliko wa jirani, ishara hazitakupa hilo. Zinachokupa ni sababu ya kumtazama. Huwezi kumfundisha mtu ishara bila kukaa mbele yake, ukangoja macho yake yakutane na yako, ukajiuliza sasa hivi anafikiria nini. Mzazi anayefanya hivyo mara kadhaa kila siku humjua mwanawe kwa undani, na mtoto naye anajua kwamba akieleza jambo, kuna mtu wa kumsikiliza. Naliona hilo kuwa zawadi kubwa kuliko maneno kumi ya mapema.

Nyumbani kwetu mwenye pingamizi huwa ni bibi. Atasema mtoto atadeka, atazoea kuonyesha kwa mikono na ulimi wake utalala. Hofu yake ni ya upendo na inastahili kujibiwa kwa heshima. Mweleze kwamba tafiti hizo zote hazikukuta mtoto aliyecheleweshwa na ishara. Mweleze pia kwamba Meredith Rowe na Susan Goldin-Meadow, waliofuatilia familia 50 za eneo la Chicago na kuchapisha mwaka 2009, walikuta watoto waliokuwa wakionyesha na kuashiria vitu vingi zaidi wakiwa na miezi 14 ndio waliokuwa na msamiati mpana zaidi walipokaribia kuanza shule. Kisha mwahidi jambo moja nawe ulitimize: hakuna ishara itakayofanywa mdomo ukiwa umefungwa. Kila mkono unapoinuka, neno lake linatamkwa, kwa sauti ya kawaida, katika lugha ya nyumbani kwenu, iwe Kiswahili, Kisukuma au Kijaluo.

Sasa kazi yenyewe. Wapo wanaoanza mtoto akiwa na miezi sita. Kwangu mimi miezi minane ni afadhali, kwa sababu mtoto anakaa bila kuegemezwa, mikono yake iko huru, na ameanza ile tabia ya kutazama kitu, kukutazama wewe, kisha kurudi kukitazama kitu. Tabia hiyo ndiyo mlango. Kabla yake utakuwa unajichosha. Ukianza kwa umri huo, tegemea kungoja wiki nyingi kabla hajarudisha chochote. Wengi hukata tamaa katikati ya wiki hizo, na ni bahati mbaya, maana mtoto alikuwa anakusanya.

Chagua ishara tatu au nne tu, na uzichague kwa kufuata hamu yake yeye. Watu wengi huanza na "asante" na "tafadhali" kwa kuwa zinapendeza mbele ya wageni. Mtoto wa miezi tisa hana shida na asante. Ana shida na maji, na uji, na kubebwa, na paka anayepita dirishani. Adabu itakuja, na itakuja vizuri zaidi kwa mtoto aliyezoea kueleweka.

Kwa kula, kusanya vidole kama unayepeleka tonge mdomoni. Kwa kunywa, kunja ngumi uache dole gumba likielekea mdomoni. Kulala ni kiganja shavuni na kichwa kikiinama. Kwa "kwisha" fungua viganja viwili vitupu na uvigeuze mbele yake, bakuli likiwa limemalizika kweli, si pale wewe unapotaka limalizike. Kwa kuongezewa, wengi hugonganisha ncha za vidole vya mikono miwili. Hiyo imetoka katika lugha ya alama ya Marekani, sawa na ile ya maziwa ya kufumba na kufumbua ngumi kama mtu anayekamua ng'ombe. Palipo na jiko la mkaa sakafuni au chupa ya chai mezani, weka na ishara ya moto: kidole kinakaribia, kinarudi haraka, unapuliza. Hii ningeiweka mapema kuliko zote, kwa kuwa mtoto anayetambaa hukifikia kikombe cha chai kabla hajajua neno lake. Ila usiitegemee ikulindie mtoto. Jiko liondoke njiani mwake kwanza.

Kuonyesha kwa kidole ni ishara pia, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kupita zote. Anaponyoosha kidole kwa kuku, mtajie kuku. Usiseme tu "eeh". Sema "kuku, kuku yule anakula mtama", naye ameshapata sentensi nzima kwa kidole kimoja.

Mahali pa kufundishia ni pale mnapotazamana. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kanga ana raha yake na anasikia mazungumzo yako yote, lakini mikono yako haioni. Basi tumia saa ya uji, saa ya kuoga, saa ya kubadilisha nepi, na zile dakika baada ya kunyonya ambapo ameshiba na bado yuko macho. Kina mama viziwi, ambao wamewalea watoto kwa lugha ya alama tangu hapo, wana mbinu zinazofaa kuigwa na kila mtu. Hawamvuti mtoto awatazame, bali huleta mkono pale macho ya mtoto yalipo. Huifanya ishara polepole, kubwa, na kuirudia. Wakati mwingine huifanya juu ya mwili wa mtoto mwenyewe, shavuni mwake au tumboni mwake. Ukitaka kumfundisha "kulala", weka kiganja chako chini ya shavu lake na useme neno.

Nilikaa mkekani jioni moja nikimtazama mdogo wangu akimlisha mwanawe uji wa ulezi. Kila alipomaliza kijiko aligonganisha vidole, "Tuongeze? Tuongeze?", kisha akamlisha bila kungoja jibu. Baadaye akakisimamisha kijiko hewani, juu ya bakuli, akanyamaza. Mtoto akatazama kijiko. Akatazama mikono ya mama. Akatazama uso. Kisha akazileta ngumi zake mbili kifuani, moja ikapita pembeni, nyingine ikagonga kifundo cha mwenzake. "Tuongeze! Haya, tunaongeza!" na kijiko kikafika palepale. Mama yetu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti pembeni, alidhani mjukuu wake amepiga makofi.

Ule ukimya wa kijiko hewani ndio ufundi wenyewe, na haukuzidi pumzi mbili tatu. Unampa mtoto nafasi, halafu unamlisha hata kama hakufanya lolote. Tafadhali shika hili: usimnyime mtoto chakula, maji wala ziwa mpaka afanye ishara. Ukifanya hivyo umegeuza mazungumzo kuwa mtihani, na mtoto mwenye njaa hajifunzi kitu isipokuwa kulia. Usimshike mikono kwa nguvu kumkunja vidole pia. Na akijaribu, mjibu haraka, kwa kuwa ni majibu yako yatakayomwambia kwamba mkono wake umesema kitu.

Ishara zake hazitafanana na zako. Vidole vidogo haviwezi kupangika kama vya mtu mzima, kwa hiyo mtoto hupata mahali pa ishara kabla ya umbo la mkono: atapeleka kiganja kizima mdomoni badala ya vidole vilivyokusanywa, atapiga ngumi badala ya kugonganisha ncha. Mtoto anayesema "ghai" badala ya chai hatumsahihishi kwa kumkemea. Tunamletea chai na kutamka "chai". Fanya vivyo hivyo kwa mikono. Pokea alichotoa, kisha mwonyeshe umbo lililo sahihi bila kumtaka arudie.

Mtu anayekaa na mtoto saa nyingi zaidi mara nyingi si mama. Ni dada wa kazi, au bibi, au mwangalizi wa kituo cha kulea watoto. Ukizifundisha ishara jioni na wikendi, halafu mchana kutwa mtoto akawa anagonganisha vidole mbele ya mtu asiyejua maana yake, ataacha. Basi mkalishe dada chini, muonyeshe zote nne, muulize na yeye ameona mtoto akitumia ishara gani. Atakuwa ameona. Yeye ndiye anayejua kwamba mtoto akivuta sikio ana usingizi. Ishara aliyoileta dada iingie kwenye orodha ya nyumba nzima, baba akiwemo. Katika nyumba ambapo bibi anasema Kichaga, dada anasema Kihehe na wazazi wanachanganya Kiswahili na Kiingereza, ishara ya maji inabaki ileile katika mikono yote, na mtoto anapata kitu kimoja cha kushika wakati anazipanga lugha zake.

Simu haitaifanya kazi hii. Video za kufundisha watoto ishara zipo kwa wingi na zinavutia, lakini Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Mzazi atazame video mwenyewe mtoto akiwa amelala, ajifunze, kisha aje na mikono yake. Wala usimtake afanye ishara kila jamaa anapopiga simu, "haya muonyeshe mjomba, fanya kula, fanya kula". Kula imetengenezwa kwa ajili ya njaa. Ikifanywa maonyesho inapoteza maana yake.

Maneno yakianza kuja, ishara hupungua zenyewe. Kwanza vitakwenda pamoja, mkono na sauti, kisha siku moja utagundua mkono haujainuka wiki nzima. Usihuzunike wala usimlazimishe. Mara nyingine hurudi akiwa na homa, au analia mpaka sauti imekauka, au mdomo umejaa chapati.

Kwa watoto wengine ishara hazipungui mapema, na hakuna ubaya. Mtoto mwenye hali ya Down (Down syndrome), kwa mfano, mara nyingi huelewa mengi kwa miaka kabla ulimi haujamtii, na kwake ishara chache zinaweza kuwa njia ya kusema mpaka anapoingia shule. Uingereza walitengeneza mfumo wa ishara wa Makaton katika miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wenye shida kama hiyo ya kuwasiliana, ukitumika daima pamoja na maneno ya kutamkwa. Ukiwa na mtoto wa namna hii, mambo yote niliyoeleza hapo juu yanakuhusu maradufu, na uyaendeleze kwa muda mrefu bila aibu.

Kukaa ukimtazama mtoto kwa karibu kunakuwezesha pia kuona mapema kama kuna tatizo. Mtoto aliyefikisha mwaka bila kuonyesha kwa kidole, bila kupunga, bila kubwabwaja sauti za "ba-ba-ba" au "da-da-da", apelekwe kliniki. Asiyekuwa na neno hata moja akiwa na miezi 16, au asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili, apelekwe. Aliyekuwa akisema au kupunga kisha akaacha, apelekwe wiki hiyohiyo, umri wowote alionao. Na usikubali kurudishwa na maneno ya "wavulana huchelewa" kabla masikio yake hayajapimwa.

Masikio hayo yanahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapa habari inabadilika kabisa. Mtoto asiyesikia hubwabwaja kama wenzake katika miezi ya mwanzo. Analia, anacheka, anatoa sauti. Wazazi wanatulia. Kisha katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, mwenzake anapoanza silabi, yeye sauti zinapungua, na wengi hawatambui mpaka ana miaka miwili au mitatu. Angalia mapema: je, hushtuka mlango ukibamizwa nyuma yake? Akiwa na miezi sita, je, hugeukia sauti yako asipokuona? Usipime kwa kupiga makofi mbele ya uso wake, ataona mikono na upepo atausikia usoni. Fuatilia zaidi kama alizaliwa njiti, alipata manjano makali baada ya kuzaliwa, alilazwa kwa homa ya uti wa mgongo, au mama aliugua rubela akiwa mjamzito. Wataalamu wa usikivu hushauri mtoto achunguzwe kabla ya mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Hospitali nyingi za kwetu haziko karibu na ratiba hiyo, kwa hiyo jukumu la kuuliza linabaki kwa mzazi.

Ikithibitika kwamba hasikii, ishara nne za mezani hazitoshi. Mtoto huyu anahitaji lugha kamili, yenye sarufi yake, yenye uwezo wa kuuliza kwa nini na kusimulia jana, na anaihitaji sasa, siyo akifika darasa la kwanza. Lugha za alama zina hayo yote. Laura-Ann Petitto na Paula Marentette walionyesha mwaka 1991 kwamba watoto viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi hubwabwaja kwa mikono, wakirudiarudia vipande vya alama kama vile wanaosikia wanavyorudia silabi, na katika umri uleule. Ubongo wa mtoto hautafuti sauti. Unatafuta lugha, na utaichukua kupitia macho ikipatikana hapo. Isipopatikana katika miaka ya mwanzo, pengo linalobaki ni gumu sana kulijaza baadaye, hata kwa mwalimu hodari.

Tatizo ni kwamba, kwa hesabu za Marekani, zaidi ya watoto viziwi tisa kati ya kumi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua alama hata moja. Na wazazi hao huambiwa na watu wenye nia njema wasimfundishe alama ili ajitahidi kusema. Ushauri huo ni wa zamani. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 uliamua kwamba alama ziondolewe madarasani, na vizazi vya watoto viziwi vikalelewa wakikatazwa kutumia mikono yao. Ilichukua mpaka mwaka 2010, kwenye mkutano wa mfululizo huohuo mjini Vancouver, maamuzi yale kukataliwa rasmi na majuto kutolewa. Mzazi wa leo asirithi kosa lililokwisha kukiriwa. Hata kama mtoto anasubiri vifaa vya kusikia, au yuko miongoni mwa wachache wanaopandikizwa kifaa, huduma ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2017, alama hazimzuii kujifunza kusema. Kusubiri upasuaji bila lugha yoyote ndiko kunakomuumiza.

Na hapa ishara za kutunga nyumbani au za kunakili kutoka video za Marekani zikae pembeni. Lugha za alama si moja duniani. Mtoto wa Mwanza atasoma, atacheza na pengine ataoa katika Lugha ya Alama ya Tanzania, na mwenzake wa Kisumu katika Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo katiba ya 2010 imeitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Wenye lugha hizi ni viziwi wenyewe, basi nenda kwao. Tanzania Bara kuna CHAVITA, chama cha viziwi, chenye matawi mikoani. Kenya kuna KNAD, Uganda kuna UNAD. Shule za viziwi kama ile ya Buguruni, Dar es Salaam, au ile ya Tabora zina walimu wanaoweza kukuelekeza hata kama mtoto wako bado hajafikia umri wa kuandikishwa.

Usiende peke yako. Mama akijifunza alama peke yake, mtoto atakuwa na mtu mmoja tu wa kuongea naye ulimwenguni, na mama atachoka. Baba ajifunze, bibi ajifunze zake chache, dada wa kazi ajifunze. Mtafuteni mtu mzima kiziwi anayeishi jirani na mumwombe aje nyumbani kila wiki, mmlipe nauli na muda wake kama mwalimu mwingine yeyote, na siku hiyo televisheni izimwe, watoto wakubwa wa nyumba wakae mkekani na mdogo wao wajifunze pamoja. Wao ndio watakaozishika haraka kuliko nyote, na wao ndio watakaozipeleka uwanjani kwa watoto wa majirani.